Idwal na Zile Asubuhi Kumi na Mbili

Rhes Isaf, Rhiw Garnedd
Wales Kaskazini
9 Februari 1920

Mwanangu Ifor,

Naanza na salamu, maana nikiziacha mwisho karatasi huwa inakwisha. Mimi mama yako nakusalimu, mguu wa kulia unauma ila wa kushoto mzima. Dada yako Nesta anakusalimu. Mumewe Wmffra anakusalimu, kifua chake bado kina lile vumbi la machimbo, akikohoa majirani wanagonga ukuta na yeye anawagongea. Watoto wao Gwenno na Ithel wanamsalimu mjomba wao wasiyemjua. Ithel anauliza kama huko Kanada kuna dubu na kama umeshaliwa. Mjomba Tomos anakusalimu, sasa hasikii kabisa, kwa hiyo kanisani anaimba wimbo mmoja na sisi tunaimba mwingine, lakini sauti bado anayo. Nguruwe wa mwaka huu ni mnene. Baba yako Huw yupo pale pale tulipomweka, nilimfagilia kaburi Jumamosi. Unisalimie mkeo Ceinwen na wajukuu zangu watatu, mkubwa, wa kati na yule mdogo ambaye jina lake uliliandika vibaya wino ukamwagika, nami namwita Mdogo mpaka utakaponiambia tena.

Nikikosea herufi, soma hivyo hivyo. Nilisoma majira mawili tu ya baridi, na moja kati yake mwalimu alikuwa mgonjwa.

Jambo lenyewe ni hili. Kijiji kinajenga mnara wa kumbukumbu ya vijana waliokufa vitani. Ni wa sleti, jiwe la machimbo yetu wenyewe, futi kumi na moja, pale njia panda, ili mtu akienda machimboni auone na akirudi auone tena. Jumapili iliyopita Robat Elis, ambaye ndiye mwenyekiti wa kamati, alisimama kanisani akasoma majina yatakayochongwa. Thelathini na moja. Anasoma kwa kufuata herufi, basi mimi nikawa natega sikio. Akasoma Parry wawili. Halafu akasoma Roberts. Hapo katikati ndipo Prydderch wetu, kaka yako Idwal, angekaa. Hakuna aliyegeuka kunitazama, na unajua watu wakikataa kukutazama wote kwa pamoja inavyokuwa.

Nilimngoja mlangoni.

"Robat, umeruka mtu."

"Sijaruka, Margiad."

"Idwal wangu kafia Ubelgiji kama Meurig wako."

"Idwal kafa na jeshi la Wakanada."

"Kwani Wakanada walikuwa upande gani?"

Akafikiri. Akasema, "Wetu."

"Sasa?"

Akavaa kofia, akavua, akavaa tena. Akasema, "Margiad, usinifanye niseme hapa mlangoni pa kanisa." Nikamwambia aseme. Akasema Januari ya mwaka 1902, katikati ya ule mgomo wetu wa miaka mitatu, jina la Idwal lilitoka gazetini pamoja na wasaliti wengine waliorudi kazini. Siku kumi na mbili alipanda machimboni akilindwa na polisi, wenzake wanakufa njaa. Na kwamba mume wangu mwenyewe, Huw, alimfukuza nyumbani na kijiji kizima kilimsifu kwa hilo. Akasema mnara unajengwa na mikono ya watu waliogoma, na mikono hiyo haitachonga jina la msaliti, hata kama amekufa vizuri.

Wmffra ndiye katibu wa kamati. Nilimuuliza kwa nini hakusema neno. Akasema katibu hana kauli, ana kalamu.

Basi mwanangu, wewe ulikaa naye huko Kanada miaka yote ile. Niandikie habari zake zote niwapelekee: alijiunga lini, kikosi gani, aliishije. Na kama kuna kitu kingine unachokumbuka juu ya ile Januari, kiandike pia. Wewe una kisomo, mimi sina.

Mama yako,
Margiad Prydderch

*

Tarnfield, Saskatchewan
21 Machi 1920

Mama mpendwa,

Nakuamkia kwa heshima. Barua yako ilifika tukiwa bado kwenye theluji. Ceinwen hajambo, watoto hawajambo, na jina la mdogo ni Emlyn. Mwambie Ithel dubu wako kaskazini zaidi na hawajatuhitaji. Mwezi uliopita nilichaguliwa kuwa mzee wa kanisa letu la Wawelisi hapa Tarnfield, nadhani utafurahi.

Habari za Idwal ulizoomba ni hizi. Alifika Kanada Mei 1902, akiwa na miaka kumi na tisa. Miaka mitatu alitandika reli. Kisha akapata shamba hapa, na mimi nilipokuja mwaka 1906 nikachukua la jirani. Ngano yake haikuwa nzuri kama yangu, ila uzio wake ulikuwa umenyooka, watu walikuja kuutazama. Alikuwa bado na patasi yake ya kupasulia sleti, na kwa kuwa hapa hakuna jiwe hata la kumtupia mbwa, alipasulia kuni. Alifundisha watoto kuimba siku za Alhamisi. Hakuoa. Alikuwa na mbwa aliyeitwa Meneja, kwa sababu alikuwa anabweka tu na hafanyi kazi.

Alijiandikisha Novemba 1915, kikosi cha askari wa miguu cha Saskatchewan. Walipomuuliza mahali pa kwao aliandika Rhes Isaf, Rhiw Garnedd. Karani alimwambia aandike mahali anapoishi. Akajibu kwamba hakuulizwa hivyo. Alikufa tarehe 30 Oktoba 1917 katika yale matope ya Ubelgiji, akimrudia mwenzake wa bunduki ya rashasha aliyekuwa ameachwa. Ofisa wake aliniandikia, na barua yake naiambatisha, pamoja na picha.

Natumaini haya yataitosha kamati. Tunapanga kuja nyumbani Mei mwakani sote watano. Ni miaka kumi na mitano sijakuona.

Mwanao mtiifu,
Ifor

*

Rhiw Garnedd
2 Mei 1920

Mwanangu Ifor,

Sisi sote wazima kwa namna yetu. Nesta na Wmffra na watoto wanakusalimu. Ithel amesikitika kuhusu dubu. Mjomba Tomos alianguka kisimani, si ndani, pembeni. Mimi niliposoma kwamba unakuja Mei mwakani nilikaa chini kwenye ndoo, na haikuwa tupu. Msalimie Emlyn, jina zuri.

Karatasi zako nne nilizipeleka. Walizisoma zote, na picha ikapita mkono kwa mkono. Robat Elis aliisoma mara mbili barua ya ofisa. Wakapiga kura juu ya Ukanada wake, na Ukanada umepita, wote tisa wamenyoosha mikono. Halafu Robat akaikunja barua vizuri akanirudishia. Akasema, "Sasa imebaki Januari."

Uliandika karatasi nne, mwanangu, na hati yako nzuri, lakini Januari hukuiandika.

Niliwaambia Idwal mwezi ule alikuwa kitandani, homa ya mapafu ilimshika Krismasi, mimi mwenyewe nilimpaka mafuta ya bata kifuani usiku na mchana. Angepandaje mlima? Mmoja akaniambia kwa upole kwamba mama wa mtu si shahidi, mama wa mtu ni mama wa mtu. Wakaniuliza ni nani mwingine aliyekuwa nyumbani mwezi ule, maana Huw alikuwa ameenda kutafuta kazi kwenye migodi ya makaa huko Kusini, na Nesta alikuwa na miaka minne.

Nikasema nitauliza.

Basi nauliza. Si lazima uandike kurasa nyingi.

Nesta anasema nisijisumbue. Kila Jumamosi yeye ndiye anayeifuta vumbi ile karatasi ya dirishani, ile iliyokuwa kila dirisha wakati wa mgomo, HAKUNA MSALITI KATIKA NYUMBA HII. Imekuwa rangi ya chai sasa. Kijiji kizima imebaki kwetu na kwa Robat Elis tu.

Mama yako,
Margiad

*

Tarnfield
30 Agosti 1920

Mama mpendwa,

Samahani kwa kuchelewa. Kulikuwa na kupanda, kisha mvua haikuja, kisha ikaja yote siku moja, na sasa kuna kuvuna. Halafu niliumia mkono wa kuandikia kwenye mashine ya kufunga miganda, si sana. Ceinwen na watoto wanakusalimu. Emlyn ameota meno mawili.

Nimeifikiria sana barua yako. Nina jambo litakalokufariji. Mji wa Tarnfield umekwisha kusimamisha mnara wake, na jina la Idwal lipo, la tatu kutoka juu. Kuna mtu anayeweka maua. Nimejiuliza, mtu mmoja mawe mawili ya nini? Watu wa Rhiw Garnedd wana moyo mgumu, wamekuwa nao tangu zamani, na pengine si vizuri kuwabembeleza. Tukija Mei nitakuletea picha kubwa ya mnara wetu ndani ya fremu, unaweza kuitundika jikoni.

Kuhusu kumbukumbu za miaka ile, nilikuwa kijana, na mengi yamenitoka.

Mwanao mtiifu,
Ifor

*

Rhiw Garnedd
26 Septemba 1920

Mwanangu Ifor,

Salamu kutoka kwa wote, wale wale.

Pole kwa mkono. Uuweke kwenye maji ya chumvi.

Mchongaji ameshaanza. Amefika kwenye herufi ya M. Kamati imesema orodha itafungwa tarehe thelathini Desemba, baada ya hapo hata malaika akija haongezwi mtu. Mimi nikienda dukani napita pale njia panda, nasikia nyundo yake, namsalimu, ananisalimu.

Juzi tukimenya viazi Nesta aliniambia, "Mama, msaliti ni msaliti hata akifa. Nampenda kwa sababu ni kaka yangu, lakini usitake tudanganye jiwe." Nikamuuliza anakumbuka nini juu ya msimu ule wa baridi. Akasema anakumbuka njaa, tumbo linauma mpaka halilii tena. Halafu akasema anakumbuka siagi. Wiki moja kukawa na siagi na mkate, na yeye akala akatapika akala tena. "Baba aliileta kutoka Kusini," akasema.

Nikasema ndiyo.

Sikuulizi kitu, Ifor. Nauliza mkono wako unaendeleaje.

Mama yako

*

Tarnfield
14 Novemba 1920

Mama,

Umeandika kwamba huulizi kitu. Nimelisoma neno hilo mara nyingi kuliko nilivyosoma Zaburi yoyote mwaka huu. Mkono umepona. Ulipona Agosti.

Tarehe sita Januari 1902 ulisema mezani kwamba katika nyumba hii lazima kitu kiliwe. Hukusema nani akilete. Fedha za Baba zilikuwa hazijafika tangu Novemba. Nesta alikuwa ameacha kulia, na hilo ndilo lililotutisha. Idwal alikuwa kitandani, unavyojua. Mimi nilikuwa na miaka kumi na saba, na koti langu tulikuwa tumeshaliuza. Nyumba nzima koti lilikuwa moja, la Idwal, lile lenye ukosi wa kijani. Alfajiri nililikuta juu ya kiti karibu na moto, limepashwa joto. Sikuuliza nani aliliweka pale.

Nilipanda na polisi asubuhi kumi na mbili, giza bado, skafu mpaka puani. Wanawake waliosimama kando ya barabara hawakuuona uso wangu. Waliuona ukosi wa kijani. Gazeti likaandika walichokiona.

Baba aliporudi na gazeti mkononi, Idwal ndiyo kwanza amesimama, ameshika mgongo wa kiti. Baba akamuuliza, "Ni kweli?" Idwal akanitazama mimi. Akamtazama Nesta, anakula. Akasema, "Koti ni langu." Na hakuna aliyemuuliza swali la pili. Wewe ulikuwa kwenye jiko, umetupa mgongo. Mimi nilikuwa nimesimama karibu na mlango, na nilimfungulia.

Huku tuliishi jirani miaka tisa, nami nililigusa jambo hilo mara moja tu, siku alipokwenda vitani, kituoni. Nilimuuliza kwa nini. Akasema, "Nilikuwa na miaka kumi na tisa, nilitaka kuona mahali pengine. Wewe ulikuwa unalia." Kisha akaniuliza kama nimemfunga Meneja, asije akaifuata treni.

Ndani ya bahasha hii kuna barua nyingine, ya kamati. Nimeandika kila kitu na nimetia sahihi mbele ya hakimu. Ukiwapa, jina lake litachongwa. Nami sitakuja Mei, maana sijui ni nani angenifungulia mlango, na sitaki watoto wangu waone. Ceinwen nimemwambia. Alikanda mkate wote, kisha akasema ni lazima barua iende.

Nimeamua mambo haya peke yangu miaka kumi na minane, na nimeamua vibaya. Sasa amua wewe.

Ifor

*

Rhiw Garnedd
23 Januari 1921

Mwanangu Ifor,

Nakusalimu kwanza mimi, miguu yote miwili inauma sasa, imekuwa sawa. Wmffra anakusalimu. Gwenno na Ithel wanakusalimu. Mjomba Tomos anakusalimu, kuna mtu amemwandikia kwenye karatasi yaliyotokea, akaisoma, akasema siku zote alijua, na hajui. Nesta hakusalimu, kwa sababu nitakazokueleza. Ceinwen mwambie nimemsikia, na kwamba ana akili kutuzidi mimi na wewe.

Barua yako ya kamati nilikaa nayo mfukoni wiki tatu. Nilipika nayo. Tarehe thelathini Desemba nikavaa nguo ya kanisani nikaenda. Wote tisa walikuwa mezani na Wmffra amechovya kalamu. Robat Elis akasema, "Kuna jipya, Margiad?" akavaa miwani ya kusomea, maana aliona mkono wangu uko mfukoni. Nikawatazama. Watu wazuri wote, nawajua tangu wanapanda miti. Nikafikiri, hawa wameshachukua mmoja, na sasa wamenyoosha mkono kwa wa pili. Nikautoa mkono wangu ukiwa mtupu.

Nikasema, "Aliyekuwa ndani ya lile koti ni mimi."

Wmffra kalamu ikamdondoka. Robat akavua miwani.

"Wewe."

"Mimi."

"Margiad, wewe ni mwanamke."

"Wakati ule pia nilikuwa mwanamke."

"Meneja wa machimbo asingemwajiri mwanamke."

"Msimu ule meneja angemwajiri hata mbuzi, mradi watu wa mjini waone moshi unatoka machimboni."

Mtu mmoja akacheka, halafu akakumbuka yuko kikaoni. Robat akauliza, "Na mgonjwa nani alimuuguza?" Nikasema Ifor. Nikasema ulibaki ndani siku zote kumi na mbili ukimlisha Idwal uji kwa kijiko na Nesta kwa kijiko kingine, na kwa hiyo hakuna aliyekuona barabarani. Walikumbuka kweli kwamba hukuonekana. Nikasema Idwal alinisitiri mimi mama yake, na mimi nilimwacha asitiri, na sikusema mara ya kwanza walipouliza kwa sababu ya aibu. Hapo sikudanganya sana, Ifor. Koti nililipasha joto mimi.

"Lile koti lilikuwa la mtu mrefu," Robat akasema.

"Nililikunja."

"Aliyelivaa alikuwa mwembamba."

"Msimu ule, Robat, nani alikuwa mnene?"

Akauliza, "Huko juu ulifanya kazi gani?" Nikasema kupasua.

Sasa unajua desturi ya machimbo yetu. Mtu akidai kazi fulani anaijua, hawabishani naye, wanampa jiwe. Robat akasema, "Leteni jiwe." Wakaleta bonge moja kutoka kibanda cha mchongaji, na patasi, na nyundo ya mti. Wewe hukumfahamu baba yangu, alikufa hujazaliwa. Hakuwa na mtoto wa kiume, na siku za mvua alikuwa ananikalisha uani na mabonge mabovu, tunapasua mpaka mama anakuja kupiga kelele kwamba msichana ataharibu vidole. Sikuwa nimeshika patasi miaka thelathini na nane. Nikakaa kwenye kiti cha katibu, nikaliegemeza bonge kwenye paja, nikalisikiliza. Nikalipasua katikati. Kila nusu nikaipasua katikati, na kila nusu ya nusu, mpaka yakawa mabamba kumi na sita, na la mwisho tu ndilo lililovunjika pembe. Hakuna aliyekohoa, hata Wmffra. Robat akachukua bamba moja akaliinua kwenye taa, akalipitisha. Lilizunguka meza yote. Yule mzee wa mwisho wa meza akasema, "Huu ni mkono wa baba yake," akaliweka chini taratibu kama yai.



Robat Elis anajua. Nakwambia ili usimdharau. Alinitazama muda mrefu, na yeye mwaka 1902 alikuwa kando ya barabara ile, na si kipofu. Halafu akaomba kitabu cha kanuni za chama cha wachimbaji, kile cha zamani. Akasoma kwa sauti kwamba mwanachama ni mwanamume aliyefanya kazi machimboni na kulipa ada. Akasema mwanamke hakuwa mwanachama. Asiye mwanachama hakugoma. Asiyegoma hawezi kuvunja mgomo. Kwa hiyo kilichotokea Januari 1902 ni kwamba mwanamke mmoja asiyehusika alipanda mlima mara kumi na mbili, na kamati haina la kusema juu ya matembezi ya watu. Akamwambia Wmffra, "Andika." Wmffra akaandika.

Kura sita kwa tatu. Wa kwanza kunyoosha mkono ni Robat.

Mchongaji alikuwa ameshamaliza Williams, kwa hiyo Idwal yuko chini kabisa, peke yake, nje ya mpangilio wa herufi. IDWAL PRYDDERCH, KANADA. Nilimuuliza kama angeweza kumsogeza. Akasema sleti haisogezwi. Ni sawa. Akiwa chini hivyo hata Ithel anamfikia kwa mkono.

Barua yako niliitia motoni. Iliandikwa vizuri sana.

Nesta nilimwambia mimi mwenyewe usiku ule ule, nikamwambia yaliyo ya kweli, maana mmoja katika nyumba lazima ajue. Hakusema nami wiki tatu. Alikuwa akiweka chakula mezani na kuondoka. Jana alikaa. Akasema, "Siagi ile." Nikasema ndiyo. Akala, akaosha vyombo, akaenda akakaa jikoni kwake hajawasha taa. Leo asubuhi ameniuliza watoto wako wanalala vitanda vingapi, maana vya kuazima ni lazima aombe mapema.

Mnara utafunuliwa Jumapili tarehe nane Mei. Uje na Ceinwen na wote watatu. Utasimama karibu yangu na utanyamaza. Umezoea. Usiniandikie kunishukuru, na usiniandikie karatasi nne. Kijijini wanaonisalimu ni zaidi ya wasionisalimu, na wasionisalimu sikuwapenda sana.

Ila kuna jambo moja la haraka. Wiki iliyopita alikuja Hannah Lewys, yule wa nyumba ya mwisho. Alikaa kwenye ukingo wa kiti hakutaka chai. Akasema, "Margiad, asubuhi ya tatu nilikupiga kwa yai." Nikasema nakumbuka. Akasema nyumbani kwake siku ile yai lilikuwa hilo hilo moja na watoto walikuwa wanne, na amelifikiria yai lile miaka kumi na tisa, wakati mwingine anajuta kwa ajili yangu na wakati mwingine kwa ajili ya yai. Nikasema limekwisha hilo. Lakini unamjua Hannah. Akauliza, "Lilikupata wapi?" Nikasema begani. Akauliza, "Bega gani?" Nikasema la kushoto. Akanitazama. Akasema Jumapili ya kwanza ya Machi akitoka kwa dada yake atapita tena tuongee vizuri.

Basi mwanangu, ukiisoma barua hii usivue hata buti, nijibu kwa meli ya kwanza kabla Hannah hajarudi: yai lilikupata bega gani?

Mama yako,
Margiad Prydderch